Kukarabati au Kurejesha? Magari ya Kale ya Nyika katika Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, vitenzi tengeneza, karabati na rejesha hutumiwa mara nyingi kana kwamba vina maana moja. Kwa fundi wa magari ya kale, kama ilivyo kwa mhariri wa miswada ya kale ya tenzi, tofauti baina yavyo ni kubwa. Anayetengeneza gari hukusudia litembee. Anayelikarabati hukusudia litembee na uchakavu wake uondoke. Ama anayelirejesha, huyo hukusudia kulirudisha katika hali ambayo lilikuwa nayo zamani. Kitenzi hiki cha tatu huzaa swali ambalo viwili vya kwanza havilizai: hali ipi, na ya mwaka gani?

Makala haya yanaeleza jinsi magari ya kale ya nyika yanavyotafutwa na kurejeshwa katika Garissa, Wajir na Mandera. Yanashikilia kwamba katika eneo hilo jibu la swali lililotajwa haliwezi kuchotwa kutoka katika kitabu cha kiwanda peke yake, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya gari imeandikwa juu ya gari lenyewe baada ya kutoka kiwandani.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Magazeti huandika "gari la magurudumu manne", istilahi yenye kasoro iliyo wazi, maana hata teksi ndogo ya mjini ina magurudumu manne. Kinachokusudiwa ni gari ambalo nguvu ya injini hufikishwa kwenye ekseli zote mbili, hivi kwamba magurudumu ya nyuma yakizama katika mchanga, ya mbele huendelea kuvuta. Gereji haina haja ya maelezo hayo marefu. Husema foo-wili, na msikilizaji akaelewa. Makala haya yatatumia neno la gereji.

Jinsi magari yalivyofika nyikani

Nchi iliyo mashariki ya mto Tana ni tambarare, kame na yenye joto kali. Garissa hupata mvua ya wastani wa milimita 300 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha kwa vishindo: miezi kadhaa ya vumbi, kisha siku chache ambapo malaga, yaani mikondo ya mito ya msimu, hufurika na udongo mweusi ukageuka gundi. Barabara ya lami kutoka Nairobi hadi Garissa ilikuwapo kwa miongo mingi wakati barabara za kuelekea Wajir na Mandera zingali mchanga mtupu. Katika ardhi ya namna hiyo foo-wili si pambo la tajiri. Ndiyo iliyochukua nafasi ya ngamia katika doria, katika biashara na katika safari ya mgonjwa kuelekea hospitali.

Wimbi kubwa la kwanza la magari ya kijeshi lilikuja na Vita vya Pili vya Dunia. Mwishoni mwa 1940 na mwanzoni mwa 1941, majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Alan Cunningham yalijipanga kandokando ya Tana, Garissa na Bura yakiwa miongoni mwa vituo vyake, tayari kuwashambulia Waitaliano. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25 mwezi huo huo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mwendo wa namna hiyo haukuwezekana pasipo malori. Waafrika Kusini walikuja pia na magari ya deraya ya Marmon-Herrington, yaliyoundwa kwao juu ya chesisi za Ford. Vita vilipokwisha, malori ya ziada ya jeshi yaliuzwa kwa raia kote Afrika Mashariki, na wengi wa wafanyabiashara waliomiliki lori kwa mara ya kwanza walilipata kwa njia hiyo.

Wimbi la pili ni la Land Rover. Gari hili lilibuniwa na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover na kuonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma, kwa hiyo bodi ilifanywa kwa mchanganyiko wa alumini, ilhali chesisi ilibaki ya chuma. Uamuzi huo uliotokana na dhiki ndio unaoeleza kwa nini Land Rover nyingi za kale zingali zinaonekana leo wakati wenzake wametoweka. Austin Gipsy, iliyotolewa mwaka 1958 ili kushindana nayo, ilikuwa na bodi ya chuma, ikaliwa na kutu. Utengenezaji wake ulikoma baada ya miaka kumi hivi, na kuipata iliyo kamili ni bahati. Land Rover yenyewe iliendelea kwa vizazi: wa pili mwaka 1958, wa tatu kuanzia 1971 hadi 1985. Hizo ndizo zilizokuwa gari la mkuu wa wilaya, la polisi, la daktari wa mifugo na la wapiganaji wa nzige.

Jambo moja husahauliwa na wapenzi wa magari haya. Leyland Kenya iliasisiwa mwaka 1974, na katika nusu ya pili ya mwongo huo Land Rover zikawa zinaunganishwa Thika. Maana yake ni kwamba baadhi ya magari yanayoitwa ya Kiingereza yalikazwa nati na mikono ya Wakenya, kilomita zisizozidi 350 kutoka Garissa.

Pamoja nazo palikuwa na malori ya Bedford, hasa aina ya RL iliyoundwa kuanzia 1953, ambayo ilikuwa lori la kawaida la jeshi la Uingereza katika miaka ambayo jeshi hilo lilikuwa bado Kenya. Baadaye Toyota Land Cruiser ikaja. Ile iitwayo FJ40, iliyoanza kuundwa mwaka 1960, ilikuwa na injini kubwa ya silinda sita na uvumilivu wa punda. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, mashirika ya misaada yalileta Land Cruiser za kizazi kilichofuata kwa wingi, na taratibu Land Rover ikawa gari la wazee.

Utafutaji

Mtu atokaye Nairobi akitafuta gari la kale hutazamia kulikuta jangwani, limesimama peke yake chini ya mgunga, kama lilivyo katika picha. Hilo ni nadra. Gari lililokufa mbali na mji hunyofolewa kila kinachofaa: magurudumu kwanza, kisha injini, kisha springi, ambazo hugeuka visu na majembe. Hubaki chesisi na labda ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. Magari yaliyo kamili zaidi hupatikana kwenye nyua: za idara za serikali, za misheni, za gereji, na za familia ambazo baba au babu alikuwa dereva. Idara za serikali huuza kwa mnada magari yaliyopitwa na wakati, nayo husajiliwa upya na kupoteza namba zake za GK. Familia huuza kwa shida, wakati mwingine kataa kabisa, na mnunuzi mwenye busara hutanguliza salamu na chai, akamsikiliza mzee wa nyumba akieleza gari lilikwenda wapi, kabla ya kutaja fedha. Adabu hiyo ina faida ya kitaaluma pia: maelezo ya mzee ndiyo hati pekee ya baadhi ya magari haya.

Ukame ni rafiki na adui. Kutu huhitaji unyevu, kwa hiyo chesisi iliyoishi Wajir miaka 40 inaweza kuwa nzima kuliko iliyoishi Lamu miaka 10, ambako hewa ya chumvi haina huruma. Kwa upande mwingine, jua hupasua kila kilicho cha mpira: tairi, sili za ekseli, mabomba ya rejeta, ngozi ya nyaya za umeme. Vumbi laini huingia katika mafuta ya giaboksi na kuyageuza msasa wa majimaji. Malori yenye bodi ya mbao huwa na adui wa ziada, mchwa, ambaye hula ubao kwa ndani na kuacha rangi ikiwa imesimama.

Mtafutaji hulichunguza gari kwa utaratibu. Hugonga chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti ya debe la unga. Hutazama mahali alumini inapogusana na chuma, kwani metali hizo mbili zikikutana na maji huliana, na unga mweupe chini ya ribiti ni dalili yake. Huinua zulia au bati la sakafuni kuona miguu ya ule ukuta wa injini. Huangalia kama gari liliwahi kuzama: Tana ilifurika vibaya wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 na tena mwishoni mwa 2023, na tope lililokauka ndani ya chesisi haliondoki kwa urahisi.

Kisha huja uchunguzi ulio muhimu kuliko wote, wa namba. Kwa Land Rover za kizazi cha pili na cha tatu, namba ya chesisi imepigwa kwa muhuri kwenye pembe ya mbele upande wa kulia, karibu na mahali springi inaposhikizwa. Rangi na grisi hukwanguliwa kwa uangalifu, maana namba yenyewe ni ya kina kifupi na brashi ya waya inaweza kuifuta. Namba hiyo hulinganishwa na ile ya kibao kilicho ndani ya gari na ile ya kitabu cha usajili. Zikitofautiana, si lazima pawe na wizi. Huenda chesisi ilibadilishwa zamani baada ya ajali. Lakini Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, haitasajili gari kwa hadithi, na mnunuzi anayelipa kabla ya kulinganisha namba hununua chuma chakavu kwa bei ya gari.

Chuma chakavu ndicho mshindani wa kweli wa mrejeshaji. Gari bovu lina bei mbili: bei ya gari na bei ya kilo. Kwa miaka mingi malori yamekuwa yakibeba mabaki ya magari kwenda kuyeyushwa, na anayehitaji karo ya mtoto wiki hii hawezi kumngoja mpenzi wa magari atakayekuja mwaka ujao. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inawataka wanunuzi wa vyuma wawe na leseni, na mwaka 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo nzima kwa miezi kadhaa kufuatia uharibifu wa miundombinu ya umeme, lakini hakuna kati ya hatua hizo iliyokusudiwa kuokoa Land Rover ya mwaka 1962. Zaidi ya hayo, Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8. Hivyo basi, hazina ya magari ya kale iliyomo nchini haiongezeki. Kila linaloyeyushwa ni pungufu lisilojazika.

Haifai pia kuficha kwamba utafutaji katika baadhi ya sehemu za mpakani ni hatari. Tangu majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia Oktoba 2011, mabomu ya kutegwa barabarani yameua askari na raia katika Garissa, Wajir, Mandera na Lamu. Mtafutaji husafiri kwa idhini ya wenye mamlaka na kwa ushauri wa wenyeji, la sivyo hasafiri.

Katika gereji

Gari likishafikishwa gerejini, kosa la kawaida ni kuliwasha. Injini iliyolala miaka mingi huwa imeshikana. Pistoni zimeganda kwenye kuta za silinda. Fundi mwenye subira hutoa plagi zote, akamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta mepesi ya giaboksi katika kila silinda, akaiacha kwa siku kadhaa. Kisha huingiza hendeli mbele ya injini, kwa kuwa Land Rover za kale zina tundu lake, akajaribu kuizungusha robo tu, mbele na nyuma. Ikikubali, huendelea. Ikikataa, humimina tena. Anayetumia nguvu huvunja ringi, na kazi ya siku tano ikawa ya miezi mitano.

Tangi la mafuta huoshwa, kabureta hufunguliwa, nyaya huangaliwa moja moja. Hapa pana mtego uliowaumiza wengi. Land Rover zilizoundwa kabla ya mwaka 1967 hivi ziliunganishwa umeme kinyume na ilivyo kawaida ya leo: upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Kijana aliyejifunza ufundi kwa Toyota hufunga hasi kama alivyozoea, na baadhi ya vifaa huungua kabla hajaondoa mkono.

Spana nazo zina kisa chake. Land Cruiser hufunguliwa kwa spana za milimita, namba 10, 12, 14, 17, ambazo kila fundi anazo. Land Rover za kale zina nati za inchi, tena za mitindo tofauti ya meno ndani ya gari moja, kwa sababu kiwanda kilikuwa kikibadilisha viwango polepole. Spana isiyolingana huikwangua nati mpaka ikawa duara. Katika gereji za miji ya kaskazini, seti kamili ya spana za inchi hurithishwa kama upanga.

Spea hutoka pande nyingi. Za Land Rover zingali zinatengenezwa ng'ambo, kwa gharama. Nairobi, maduka ya barabara ya Kirinyaga na mafundi wa jua kali wa Gikomba huwa na nyingi. Molo, katika Kaunti ya Nakuru, ni hazina ya aina yake, kwani Land Rover za kale zingali zinabeba viazi kutoka mashambani huko kila siku ya mvua, na mafundi wake wanazijua kwa kugusa. Kile kisichopatikana hukerezwa. Hafu-shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma, ndio udhaifu mashuhuri wa Land Rover hizi. Hukatika dereva anapoachia klachi kwa pupa gari likiwa limezama. Dereva mzoefu wa nyika alikuwa akibeba wa akiba, pamoja na majani ya springi, kamba ya kukokotea na mapipa ya maji. Maji kwanza.

Hali ipi?

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo, na hapa ndipo gari la Kaskazini Mashariki linapotofautiana na la makumbusho ya Ulaya.

Lori la kale la Garissa halifanani na lilivyotoka kiwandani. Springi zake zimeongezwa majani mawili au matatu. Kuta za bodi zimeinuliwa ili zichukue ng'ombe, na juu yake pamefungwa vyuma ambapo abiria hukaa, miguu ikining'inia juu ya migongo ya mifugo inayopelekwa soko la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki. Pembeni pameongezwa vishikio vya mapipa. Bampa la mbele limebadilishwa kwa chuma kizito. Rangi ni tabaka juu ya tabaka: ukilowesha msasa na kuisugua polepole mahali padogo utaona buluu ya mfanyabiashara, chini yake kijivu cha serikali, chini yake kijani cha jeshi, na mwishoni alumini au chuma. Mhakiki wa fasihi atalitambua jambo hili mara moja. Ni muswada ulionakiliwa na wanakili wengi, na kila mnakili ameacha alama.

Warejeshaji wa mtindo wa kiwanda hufuta tabaka zote na kupaka kijani kipya. Gari hupendeza. Linaweza kuonyeshwa katika mashindano ya magari ya kale ya Concours d'Elegance, ambayo yamekuwa yakifanyika Nairobi tangu 1970, au kujiunga na misafara kama ile ya mwaka 2024, wakati mamia ya Land Rover zilipokusanyika Nakuru na baadaye Arusha. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya huanza pale gari linapodaiwa kuwa "la asili", kana kwamba miaka 50 ya Wajir ilikuwa uchafu.

Kuna na kishawishi cha pili, cha taswira ya safari. Ulimwengu uliifahamu Land Rover ya nyika ya Kenya kupitia simulizi la Joy na George Adamson na simba Elsa, hasa baada ya filamu ya Born Free ya mwaka 1966. George Adamson, aliyekuwa askari wa wanyamapori wa ukanda wa kaskazini, aliishi Kora, ng'ambo ya pili ya Tana, tangu 1970 hadi alipouawa na majambazi tarehe 20 Agosti 1989 akiwa ndani ya gari lake. Ni historia ya kweli na ya huzuni. Hata hivyo, gari linalorejeshwa kwa kufuata taswira hiyo pekee hubeba simba, Mzungu na machweo, bali halibebi mchuuzi wa Modogashe wala mbuzi wake.

Zito zaidi ni kumbukumbu za magari ya dola. Hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hili Desemba 1963, mwanzoni mwa vita vilivyoitwa vya Shifta, na ingawa vita vilikoma kwa makubaliano ya Oktoba 1967, kanuni za hatari hazikufutwa hadi 1991. Kwa watu waliokua katika miaka hiyo, mlio wa lori la jeshi ulikuwa na maana yake. Februari 1984 wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa, wakapelekwa kwa malori hadi uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakazuiliwa juani bila maji, wengi waliuawa. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema walikaribia 1,000. Mwitaliano Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alikuwa miongoni mwa waliotoka kwenda kuwatafuta majeruhi. Gari lilipeleka watu kwenye kifo, na gari likawarudisha waliosalia.

Je, lori la kijeshi la miaka hiyo lirejeshwe likiwa na rangi yake ya kijeshi na kupitishwa katika barabara za Wajir siku ya sherehe? Mkusanyaji wa Nairobi aweza kuona ni heshima kwa ufundi. Mjane wa Wajir aweza kuona jambo jingine. Jibu lililo karibu na haki ni kwamba rangi hiyo ihifadhiwe, isifutwe, lakini isitembezwe bila wenyeji kuulizwa. Kuifuta ni kuharibu ushahidi. Kuing'arisha ni kuupamba.

Katika utendaji, njia ya kati ipo na si ghali. Kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa, gari lipigwe picha kila upande, na kila kilichoongezwa kiandikwe: nani aliongeza, lini, kwa sababu gani. Kila sehemu iliyopakwa upya iachiwe kipande cha tabaka za zamani, hata kama ni ukubwa wa kiganja, mahali pasipoonekana kwa urahisi. Springi zilizoongezwa zibaki ikiwa ni salama. Maandishi ya mbavuni, ya Kiswahili, ya Kisomali au ya Kiarabu, yasifutwe kwa hali yoyote, maana hakuna kiwanda kitakachoyaandika tena.

Kuna kazi moja ambayo fundi hawezi kuifanya peke yake, nayo inamngoja mwanafunzi wa Kiswahili. Kila sehemu ya gari la kale ina jina gerejini, na majina hayo hayamo katika kamusi zetu au yamo nusunusu. Difu, hendeli, hafu-shafti, loki. Kisha yale yaliyoingia kwa Kisomali na kutoka kwake. Neno gari lenyewe, ambalo Msomali hulitamka gaari, lilitujia sote kutoka Kihindi, ilhali Msomali ana na baabuur, ambalo asili yake ya Kizungu ni mvuke. Mafundi waliozifungua Land Rover za miaka ya 1960 zikiwa mpya sasa ni wazee wa miaka 80. Wengi wanapatikana alasiri, baada ya swala, chini ya kivuli cha gereji ambazo sasa ni za wana wao.